Lawama Tuliyoitwika Mionzi

Swali lilitoka dawati la nyuma kabisa, na mpaka leo sijui ni mwanafunzi yupi aliyeliuliza.

"Madam, wewe una watoto wangapi?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika shule moja ya sekondari Mugango. Mbele yangu kulikuwa na sinia, juu ya sinia sangara aliyevuliwa alfajiri, na mkononi nilishika kile kichwa cha mashine ya ultrasound ambacho akina mama wajawazito hupitishiwa tumboni. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo. Tuliazimwa na daktari mstaafu mwenye kliniki Musoma mjini, kwa sharti moja tu, kwamba isirudi inanuka samaki. Sharti hilo tulilivunja kila mara.

Kazi yangu ni fizikia ya tiba. Watu wakisikia hivyo hutikisa kichwa kwa heshima na hawaulizi zaidi, kwa hiyo nieleze. Niko hospitali moja Mwanza inayotibu saratani kwa mionzi. Daktari anaandika mgonjwa apigwe mionzi kiasi gani na sehemu gani. Mimi ndiye ninayehakikisha kwamba mashine inatoa kiasi hicho hicho na inapiga pale pale. Siku za kazi naishi Mwanza, mwisho wa juma narudi Bunda kwa mume wangu, mwalimu wa historia. Na Jumamosi mbili za kila mwezi, mimi na mwenzangu mmoja, fundi wa mashine za hospitali, tulikuwa tunazunguka shule za Musoma, Bunda na kule Butiama nilikozaliwa, kuwaonyesha wanafunzi kwamba fizikia si habari ya kigari kuteremka kwenye ubao tu. Hatukuwa tunahutubia. Nachukia hotuba. Tulikuwa tunawapa vitu mikononi, wavishike na wavikosee wenyewe.

Watoto wa Mugango hawahitaji kufundishwa sangara. Nilipompaka jeli ubavuni na kuonyesha kwenye kioo ule mstari mweupe na giza tupu chini yake, nilitarajia nitulie dakika tano nikiwaeleza. Mvulana mmoja hakuniacha hata nianze.

"Hapo ni kwenye bondo, madam. Ile mfuko ya hewa. Si ndiyo inanunuliwaga?"

"Na kwa nini chini yake hatuoni kitu?"

"Sauti imekuta hewa, imegoma kupita," akasema jirani yake. "Imerudi."

Chuoni mimi nililisoma hilo kwa wiki nzima. Nikafurahi kupita kiasi, na mtu akifurahi hivyo huwa hajilindi. Nikashusha kichwa cha mashine kuelekea mkiani, na kwenye kioo pakajaa chembechembe kama uji wa ulezi usiochujwa. Mayai. Msichana wa mbele akapiga kelele, "Ana mimba!" Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Ndipo swali lile likaja kutoka nyuma.

Mwenzangu ni mwepesi wa maneno. Akadakia, "Mimi ninao wanne, na hakuna hata mmoja anayewaka gizani!" Wakacheka tena, ila msichana wa mbele hakucheka.

"Wewe ni mwanaume, sir," alisema. "Sisi tunasikiaga ile mionzi inachomaga kizazi cha mwanamke."

Nilipaswa kujibu. Jibu nilikuwa nalo, tena la kitaalamu, na nimeshalitoa mbele ya watu wenye tai. Badala yake nilisema muda umekwisha, tufungashe. Haukuwa umekwisha. Nilimfuta samaki jeli mara tatu, mikono ikitafuta kazi, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari zile niliona aibu mbele ya watoto.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema kule darasani.

Tulipomaliza miaka minne ya ndoa bila mtoto, mimi na mume wangu tulikwenda kupimwa. Muuguzi aliyetupokea alituona tulivyojikunja kwenye viti akatutania, "Mficha uchi hazai, jamani. Semeni yote." Tulisema yote. Majibu yakaja kwamba mimi sina kasoro. Kasoro ilikuwa kwa mume wangu, na haikuwa ya kumeza vidonge ikaisha. Tukapanda basi la kurudi Bunda, na tulipopita Magu akanishika mkono, mtu ambaye hanishikagi mkono mbele za watu, akasema, "Naomba hii ibaki yetu. Mama asijue." Nikakubali. Nilikuwa nampenda, na bado nampenda, na nilidhani kunyamaza ni kazi nyepesi.

Nilikubali kunyamaza tu. Lakini mama mkwe alipomuuliza mwanawe kulikoni, mwanawe akamjibu, "Ni ile kazi yake ya mionzi, mama." Alinisimulia mwenyewe jioni ile ile, kichwa chini, kwamba neno lilimponyoka. Mimi ni mtu wa hasira, wanaonijua wanajua, na siku ile ningeweza kuvunja sahani zote za kabatini. Sikuvunja hata moja. Niliwaza kwamba mionzi haina mama wala ndugu wa kuitetea, basi acha ibebe.

Hivyo ndivyo nilivyonaswa, kwa akili zangu timamu. Kazini, mashine ikiwashwa, kati yangu na mionzi pana ukuta wa zege mnene kuliko upana wa kitanda changu. Kifuani navaa kipimo kidogo kinachoandika mionzi yote inayonifikia, na kila majibu yake yakirudi yanasema sijapata cha kutisha. Jumamosi nawaambia wasichana hayo yote. Jumapili nakaa jikoni kwa mama mkwe, Guta, nahurumiwa kwa jambo lile lile nililolikana Jumamosi. Na huruma husafiri. Kutoka jikoni ilikwenda kisimani, kutoka kisimani ikaenda kanisani, na mwisho ikawa inanitangulia mashuleni. Niliikuta Mugango, nikaikuta Kisorya kwenye shule iliyo karibu na kivuko. Ningeweza kuikata kwa sentensi moja, na hiyo sentensi nilikuwa nimeahidi nisiitamke. Kuna Jumapili nilikuwa nakaa pale jikoni nakosa hewa, moto wenyewe haujawashwa.

Mama mkwe hakunitesa. Angekuwa ananitesa ningepata pa kuegemeza hasira yangu. Alikuwa ananiwekea maziwa mgando, ananiita mwanangu mbele ya wageni, na wifi yangu alipowahi kunisema alifukuzwa mezani. Kwa upendo huo huo, Jumapili moja aliniambia, "Mwanangu, kwetu huku mwanamke hakosi mtoto. Utaoa."

Mtu wa Mara haelezwi maana yake, ila wengine waelezwe. Ni nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto anamtolea msichana mahari, anamwoa, na watoto wa huyo msichana wanakuwa watoto wa nyumba yake na wanaitwa kwa jina lake. Nimekua nikiziona nyumba hizo, na nyingine zina amani kuliko yangu.

"Na mwanaume?" nilimuuliza.

"Hiyo tuachie sisi," alisema.

Nilijua, au nilidhani najua, kwamba mwanaume ni mume wangu. Basi nikaiona ile njia yote mpaka mwisho wake. Ataletwa binti wa watu. Utapita mwaka, utapita wa pili, tumbo litakuwa lile lile. Na yeye hajawahi kukanyaga hospitali ya saratani, sasa yeye watasema amechomwa na nini? Nilimwambia mume wangu hayo. Alisikiliza hadi mwisho, maana ni msikilizaji mzuri, kisha akasema, "Tumwombe mama atupe muda." Tukaomba. Mama akatupa.

Ndani ya muda huo nilikutana na msichana mwingine.

Ilikuwa shule ya Bunda, kidato cha nne. Tulitundika mablanketi ya bweni madirishani mpaka darasa likawa giza. Katikati tukaning'iniza puto jeupe kwenye uzi, tukawasimamisha wanafunzi kumi na wawili duara, kila mmoja na tochi ndogo iliyozibwa karatasi ili mwanga uwe hafifu. Akiwasha mmoja, puto linaonekana kwa taabu. Wakiwasha wote kumi na wawili, puto linang'aa na nyuso zao zinabaki gizani. Hiyo ndiyo tiba ya mionzi, niliwaambia. Miale ni mingi na kila mmoja ni dhaifu, kwa hiyo haiumizi sana inapopita, lakini yote inakutana kwenye uvimbe.

Msichana mmoja mrefu hakuwasha tochi yake.

"Madam, mbona tunatumia tochi nyingi? Si moja inatosha, kama mwenye nayo anatembea?"

Akatoka kwenye mstari, akawasha tochi yake peke yake, akaanza kulizunguka puto taratibu, mwanga ameukazia pale katikati. Hakuna upande wa chumba uliopata mwanga kwa zaidi ya sekunde moja, ila puto halikuzimika hata mara moja. Mwenzangu alinitazama. Mashine yetu ya Mwanza, ile ambayo watu walikaa miaka kuibuni, inafanya hivyo hivyo: inamzunguka mgonjwa. Yule mtoto alikuwa ameibuni kwa miguu yake, na kandambili zinamlia.

Nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. Sijawahi kuona mtu akisimama wima namna ile.

Tulipoanza kukunja mablanketi alinifuata. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, analelewa na bibi yake Guta, na ilikuwa wiki ya kujaza selform, ile fomu ambayo wa kidato cha nne wanachagua watakachosoma kidato cha tano. Alitaka fizikia. Bibi alikuwa amekataa.

"Anasemaga nikisoma fizikia nitaishia kwenye mionzi, halafu nitakosa watoto. Anasemaga kuna mkamwana wa jirani yake imemtokea. Madam, si uje umwambie si kweli? Wewe atakusikia."

Nikamtazama nione kama ananicheka. Hakuwa anajua. Mkamwana wa jirani nilikuwa mimi.

Jumapili nilikwenda. Nilijiambia kwamba nitaongea fizikia tupu: ukuta wa zege, kipimo cha kifuani, basi. Nilipoingia uani nilimkuta bibi amekaa kwenye mkeka anachambua pamba, safi kulia, fifi, yaani ile chafu, kushoto, na pembeni yake, mikono ndani ya lundo lile lile, mama mkwe wangu. Niliamkia wote wawili. Msichana alisimama mlangoni na fomu yake ndani ya daftari, akituangalia kwa zamu, na nadhani ndipo alipoanza kuelewa.

"Karibu mwanangu, kaa," bibi alisema. "Huyu mtoto ananisumbua na hiyo mionzi yako. Mimi kusoma sikatai. Ila mtu asome mpaka akose kuzaa, hiyo si kusoma. Heri azae kwanza. Na tena kuna nyumba imeshamwomba, nyumba nzuri tu."

"Nyumba gani, bibi?"

Bibi akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa siri na mwenye siri. Mama mkwe hakuinua uso. Alitoa jani kavu kwenye pamba, akalitupa, akatafuta jingine. Nikaelewa kwamba nyumba ni yangu. Yule aliyelizunguka puto ndiye niliyekuwa nimeandaliwa nimwoe.

"Sasa wewe mwenyewe tuambie hapa," bibi akaendelea. "Ile mionzi ndiyo ilikumaliza, au siyo?"

Nimeshafikiria sana dakika ile. Ningesema ndiyo, fomu ingechanwa na binti angeletwa nyumbani kwangu kuja kulaumiwa baada yangu. Ningesema siyo nikaishia hapo, bibi angeuliza ni nini basi, na hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yangu ya kwenye basi. Kukaa kimya, mbele ya wazee, ni kukubali. Niliitafuta sentensi ya kitaalamu ya kunipitisha katikati na sikuipata, na nilimchukia mume wangu kwa kutokuwepo pale, wakati huo huo nikimshukuru Mungu kwamba hayupo.

"Siyo mionzi, bibi."

"Ila nini?"

"Tulipimwa. Wote wawili. Mimi ni mzima."

Sikusema zaidi. Hakukuwa na haja. Mikono ya bibi ilisimama juu ya pamba, akamtazama jirani yake, kisha akashusha macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenye nyumba wanavaa.

"Basi mionzi ya watu tumeisingizia," alisema baadaye. Akamgeukia mjukuu wake. "Nenda ukaandike hiyo fizikia yako. Na ile habari nyingine imekwisha, nisiisikie tena hapa."

Mama mkwe alinyanyuka, akajipangusa nyuzi za pamba kwenye khanga, akanisindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kumwomba msamaha. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mimi nilikuwaga najua."

"Unajua nini, mama?"

"Aliugua matumbwitumbwi ameshakuwa kijana mkubwa. Yakamshukia chini. Daktari aliniambia siku ile ile kwamba huyu anaweza asizae."

Nilisimama. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. "Ulijua, na ukaacha niitwe tasa wilaya nzima?"

"Na wewe ulijua, ukaacha." Hakupaza sauti. "Nilikuwa nakuona unanyamaza, nikasema huyu Mungu amenipa, huyu ni mtoto wangu kabisa. Tulikuwa wawili tunamfunika. Ulidhani nakupenda bure?"

"Na huyu msichana? Ulitaka azae na nani?"

"Mume wako ana mdogo wake, wewe. Nani alikuambia ni yeye?" Akajifunga khanga upya, kwa nguvu. "Ilikuwa imeshapangika yote. Watoto wangekuja, mume wako angeitwa baba, wewe ungeitwa mama, hakuna ambaye angeuliza. Leo umemvua nguo mbele ya jirani."

Akarudi kwenye pamba. Hakuniita mwanangu wala hakuniaga, na yule si mtu wa kusahau kuaga.

Nilibaki kando ya barabara ya vumbi nikisubiri bodaboda. Ningependa kuandika kwamba nilijisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa mlango akakuta nje kuna chumba kingine. Miaka yote nilidhani namlinda mama na habari mbaya, kumbe mama na mwana na mimi tulikuwa tumekalia habari hiyo hiyo, kila mtu kwa upande wake, na kati ya wote aliyekuwa anailipia ni mimi. Na sasa, niliyeisema, ndiye niliyekosa.

Msichana alikuja anakimbia na fomu mkononi.

"Nimeandika, madam. Fizikia, kemia, baiolojia. Naomba uniangalizie kama nimekosea."

Niliichukua. Mkobani simu ilianza kuita. Hatukutazamana, lakini yeye aliisikia, mimi niliisikia, na Guta si mbali na Bunda kiasi kwamba maneno yachelewe kufika.

"Madam," alisema polepole, "sasa leo utalala wapi?"

"Nyumbani," nilimjibu.

Simu ilikata, ikaita tena. Sikuipokea. Niliisoma fomu yake mstari kwa mstari, jina, shule, namba, kisha nikarudia tena tangu juu, maana nikiimaliza ingenibidi niende.